Siku ya Mwalimu: kamarade, tusichukue chaki ya mwenye kugoma

Maneno ya kamarade mmoja wa Lubumbashi mbele ya wanachama, wazazi na walimu, tarehe 30 Aprili. Tumeyaandika vile aliyasema, tumepunguza kidogo tu.

Kamarade, wazazi na walimu, muliacha sikukuu yenu mukakuja kukaa na sisi hapa Katuba. Wakubwa ambao nilipaswa kuwasalimia mmoja kwa mmoja munisamehe, jua linaenda na kuko watu wanatoka mbali, kuko waliotoka Ruashi kwa miguu.

Leo ni sikukuu ya elimu katika inchi yetu. Asubuhi mumeona walimu wamevaa kitenge cha rangi moja, wametembea kwa mistari, wakubwa wameshika mikro wakasema mwalimu ni mushumaa, anajiunguza juu ya kuangazia wengine. Kila mwaka ni mushumaa. Hakuna mukubwa ata mmoja aliyeuliza mushumaa ule unakula nini. Mchana kitenge kinakunjwa, na wengi kati yao ata kile kitenge walikichukua kwa deni, watakilipa kidogo kidogo mpaka mwezi wa nane.

Mimi sikuja kuimba mushumaa. Komite iliniomba nizungumze juu ya walimu na mabadiliko ya shule. Nilikubali juu kuko kintu kimoja ninabeba moyoni tangu Septemba 2024, na nimechoka kukibeba peke yangu.

Munakumbuka ile rantre. Walimu wa shule za msingi za serikali, katika mikoa mbalimbali, walikataa kuingia darasani. Waliomba dola 500 kwa mwezi. Mimi niko na diploma ya hesabu. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kumaliza miaka miwili nikizungusha dosie kutoka biro moja mpaka biro ingine, picha za pasipoti zimenimalizia pesa ya sabuni. Jumapili moja jioni, direktere wa shule moja akanipigia simu. Shule sitaitaja, juu shule zilizofanya vile ziko nyingi na tukimtaja mmoja wengine watacheka. Akaniambia: «Kuya kesho. Uko na diploma, uko kijana. Utakamata ya sita. Lisiti ya Kinshasa ikipita, nitakutia jina.»

Kamarade, kama hujakaa bila kazi miaka miwili huwezi kuelewa vile jina ndani ya lisiti linaweza kumugeuza mtu. Mama alinipigia shati pasi usiku ule ule. Asubuhi nikaenda. Nikapita mbele ya walimu waliosimama inje ya lango, sikuwatazama. Nikaingia, nikakamata chaki.

Watoto 91. Benchi 26. Wale wa nyuma walikaa juu ya matofali. Niliwaambia mwalimu wao ameondoka, basi mimi njo mwalimu wao mupya. Siku ya tatu binti mmoja akanyoosha mukono, akasimama, akasema: «Mwalimu, ule mwalimu yetu hakufa. Eko ku soko, eko anauzisha makala na bibi yake.» Darasa lote likanyamaza. Watoto 91 walijua kila kitu, mimi njo nilikuwa sijui kama wanajua.

Siku ya nne yule mwalimu akakuja mwenyewe mpaka ku lango. Nilimutambua mbele yeye anitambue. Ni yeye alinifundisha mwaka wa tano. Nilifikiri atanitukana, na nilikuwa nimejitayarishia majibu: uko na njaa, na mimi niko na njaa, kila mtu anajitafutia. Nikasema: «Papa mwalimu, jambo.» Akanitazama sana. Akasema: «Ni weye? Bon. Afazali weye.» Akatoa ndani ya sashe kaye yake ya matayarisho, ile iliyofunikwa na gazeti, akanipa. «Kamata hii. Ku bisehemu njo banaangukaka sana. Anza na mukate, usianze na kanuni.» Kisha akapanda kinga yake, gunia ya makala nyuma, akaenda zake.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile nilirudisha chaki. Hapana. Nilibaki siku kumi na moja zingine. Nilifundisha sehemu na mukate, vile kaye ilisema, na watoto walielewa, na direktere akanipongeza. Mgomo ulipovunjika pale, nilisikia kwa masikio yangu vile aliwaambia walimu: «Munaona? Batoto walisoma bila nyinyi.» Alikuwa ananitumia mimi kuwapiga nayo. Walimu wakaingia wakitazama chini, kwa mshahara ule ule waliouacha. Mimi nikatoka bila namba na bila franka moja. Lisiti ya Kinshasa bado inapita, labda inapitia Zambia.

Muniruhusu sasa nieleze vile mashine hii inatembea, juu kati yetu tunapiga kelele mingi ku WhatsApp bila kujua skurubu iko wapi.

Wazazi wetu hapa Lubumbashi wengine walisoma ndani ya shule za Gécamines. Kampuni ilikuwa na shule kwa watoto wa wafanyakazi, ilikuwa inalipa mwalimu, na mwalimu alikuwa mtu wa heshima ndani ya kiteo, kijana alikuwa anaficha sigara akimuona. Halafu Gécamines ikaanguka, Zaire yote ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu wa serikali ulikuwa hauwezi kununua mufuko wa vunga. Shule zilifungwa kwa mgomo. Ili zifunguke, wazazi pamoja na Kanisa Katoliki, ambalo ni mwenye shule mingi sana katika inchi hii, walikubaliana wazazi waongeze pesa kwa mwalimu. Njo pale prime ilizaliwa. Ilikuwa dawa ya siku chache. Tumeimeza karibu miaka thelathini.

Na prime ilikuwa na ubaya wake, tusisahau. Sehemu yake ilikuwa haibaki kwa mwalimu, ilikuwa inapanda juu, biro kwa biro. Na mtoto wa mama asiyelipa alikuwa anafukuzwa. Kuko watu hapa walifukuzwa, ninaona wanacheka, lakini siku ile hawakucheka.

Constitution ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo gratwite ikaanza kutembea kweli. Mimi ninaitetea. Kwa jirani zetu kuko mabinti wawili waliokuwa wanauzisha maji ya sashe ku barabara, 2019 waliingia mwaka wa kwanza pamoja, mukubwa na mudogo, darasa moja. Mtu akiniambia gratwite ni mubaya ninamupeleka aone wale mabinti.

Lakini bure kwa mzazi haina maana bure kwa shule. Ile pesa ya mzazi ikitoka, pesa ya serikali inapaswa kuingia pale pale, mwezi ule ule. Katika miji kama yetu, prime ilikuwa inapita mshahara wa serikali katika shule nyingi. Mwalimu wa mjini aliamka Septemba 2019 na darasa limejaa mara mbili, na mfuko umepunguka. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia gratwite. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa ikamuhukumu mkaguzi mkuu wa elimu na mkuu wa SECOPE, ile biro iliyokuwa inalipa walimu, juu ya wizi wa pesa za elimu. SECOPE ikageuka DINACOPE. Mwalimu ule anayeuzisha makala anajua vizuri majina yote mawili, la zamani na la mupya, ni anwani tu ya pesa yake njo hajui.

Tena kuko wale munaowasikia wanaitwa NU na NP. Vijana wengi hawajui maana, basi ninaeleza. Mwalimu anaitwa mekanize kama kompyuta ya Kinshasa inamujua: iko na jina lake, namba yake, shule yake. Yule ambaye kompyuta haimujui anafundisha vile vile, anasahihisha kaye vile vile, anasimama mbele ya watoto vile vile, lakini mwisho wa mwezi hakuna kitu. Anangoja. Kuko waliongoja mwaka mmoja, kuko waliongoja kumi. Mbele ya gratwite wazazi walikuwa wanawalisha kwa prime. Leo njo nani anawalisha? Bibi yao, shamba, makala, kinga, ao manseba ya kukodi wanayoendesha saa ya jioni huku wanafunzi wao wanapanda nyuma. Wengine wamekwenda Kolwezi kuchimba kobalti, na siwezi kuwahukumu.

Na ndani ya mashine hii, kamarade, mafuta ni sisi. Sisi wenye diploma na bila kazi. Direktere anajua akifukuza mmoja, kuko vijana kumi ku lango wamepiga shati pasi. Serikali inajua. Kila mara mmoja kati yetu anaingia bure juu ya ahadi ya lisiti, anasaidia ile kompyuta iendelee kulala. Mimi nilifanya siku kumi na tano tu, lakini siku kumi na tano zile zilivunja mgomo wa watu kumi na wawili walioanza kufundisha mimi sijazaliwa.

Sasa nije ku mabadiliko, juu ni neno tunalipenda sana katika harakati yetu, tuko nalo ata ndani ya tisheti.

Vijana tunasema walimu wanakataa mabadiliko. Tunawacheka: mwalimu hajui kufungua PDF, mwalimu anaandika ubao muzima watoto wanakopia, mwalimu anaogopa simu. Ni kweli kwa wengine. Lakini muhesabu kwanza mabadiliko mangapi yalimwagwa juu ya kichwa cha mwalimu mmoja ndani ya miaka kumi. Programu mupya za hesabu na sayansi kwa sekondari. Mwaka wa saba na wa nane umetoka sekondari ukaingia ndani ya elimu ya msingi. Gratwite. Korona mwaka 2020, shule zimefungwa, masomo yanapita ku redio. Radio Okapi ilikuwa na kipindi chake cha shule, na wengi walisikiliza kwa simu ya jirani. Kila mabadiliko yanafika na semina ya siku mbili tatu, mwalimu anarudi na kitabu kimoja kwa shule nzima, ao bila kitabu. Halafu inspektere anapita kuuliza juu ya nini haujabadilika.

Nitawapa mfano ule ninaujua. Baada ya mgomo nilirudi kumuona mwalimu wangu, kwake, nikiwa na kaye yake mkononi. Nilifikiri nitaomba musamaha niende. Akaniambia nikae, akaomba bibi yake alete maji, akatoa simu. Simu yenyewe kioo kimepasuka. Akaniuliza: «Hii kintu ya kupiga picha mazoezi na kutuma ku groupe ya wazazi, inafanywa namna gani?» Nikamuonyesha. Kesho yake alituma zoezi la kwanza. Tangu siku ile wazazi wenye simu wanapokea mazoezi ya Jumamosi, na wanakuja na majirani ambao hawana simu, wanakopia ku karatasi. Mega ananunua mwenyewe. Wiki ambayo makala hayauziki, groupe inanyamaza.

Hapo munaona mtu aliyekataa mabadiliko? Mimi ninaona mtu aliyekosa mega.

Na kuko mabadiliko mengine ambayo yeye alinifundisha mimi, muhitimu wa chuo kikuu. Ndani ya siku zangu kumi na tano nilikuwa ninafundisha kwa Kifaransa kizuri, kile cha chuo. Watoto wanaitika «oui monsieur» wote pamoja, sauti kama ya kanisa. Niliwauliza wanitolee wenyewe mfano wa pembe tatu ndani ya nyumba zao. Kimya. Nilipofungua kaye ya mwalimu nikaona kando ya kila somo ameandika maneno ya Kiswahili, kwa biki nyekundu: mukate, kamba, paa ya nyumba, kugawanya ndizi kwa watoto wanne na mmoja amekasirika. Anafundisha kwanza kwa Kiswahili, mpaka mtoto anaelewa kintu chenyewe, kisha anarudi kumupa jina lake la Kifaransa juu mutihani utaulizwa kwa Kifaransa. Watu wanamucheka, wanasema ni mwalimu wa kijiji. Na sheria ya elimu ya 2014 inasema lugha za taifa zitumike kwa kufundisha, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa ndani ya constitution. Kwa hiyo mwalimu wa makala njo alikuwa ndani ya sheria, na mimi mwenye tai njo nilikuwa nyuma ya wakati. Ile sheria bado inangoja vitabu vyake. Yeye hakungoja.

Walimu mulio hapa, munavumilia mukiniskiza, basi munivumilie na hii pia. Sitaki kuwafanya watakatifu. Kuko mwalimu anauzisha pointi. Kuko anaomba mtoto alete makala, alete vunga, ndipo amupe buletini. Kuko anakamata fimbo mbele ya kukamata chaki. Kuko wa sekondari anamuomba binti mambo ambayo sitasema mbele ya wazazi, na yule hana njaa ya kumutetea, yule ni wa polisi. Njaa inaeleza pointi zinazouzwa, lakini mama aliyelipa ile pointi naye ana njaa. Tukisimama na nyinyi ku mgomo, tutawaomba musimame na sisi siku tutakuja na jina la mwalimu wa namna ile. Ninasema leo ili siku ile musiseme tumewageuka.

Tena kuko hili jambo la simu na akili ya mashine. Wadogo zetu wa humanite wanafanya devware na ChatGPT, sisi wenyewe tunawafundisha, halafu tunacheka mwalimu asiyegundua. Atagundua namna gani na hana mega? Kintu cha kumucheka mwalimu hapo sikioni. Ninachoona ni kwamba kijana wa miaka kumi na sita anamaliza Exetat akiwa hajaandika kwa mkono wake ukurasa mmoja wa mawazo yake. Mwalimu peke yake ndiye anaweza kumurudisha ku karatasi, kumuuliza uso kwa uso: hapa ulimaanisha nini? Lakini mwalimu mwenye kaye 91 za kusahihisha na makala ya kuuzisha hataweza kuuliza vile ata angekuwa malaika.

Basi, ninaomba nini?

Kitu cha kwanza munakijua tayari. Mgomo utarudi. Sijui mwezi gani, lakini tumesikia makubaliano ya Bibwa mara ngapi, walimu na serikali wanakaa kule Kinshasa, wanasaini, wanapiga picha, na rantre inafika tunauliza tena zile ahadi ziko wapi. Siku mgomo utarudi, direktere watapiga simu zetu. Ninaomba kila kamarade mwenye diploma asaini leo kwamba hatachukua darasa la mwalimu aliye katika mgomo. Ata kwa namba. Ata kwa siku moja. Ninajua ninamuomba nani, ninamuomba mtu aliyekula mara moja leo. Mimi pia nilikula mara moja.

Juzi ku mkutano wa maandalizi, mama mmoja wa commune Kenya aliniuliza swali ambalo limeninyima usingizi. Akasema: «Nyinyi munalinda mwalimu, muzuri. Na mutoto wangu? Mgomo ikikamata myezi mbili, ataenda ku mercure na ku makopo, eko na myaka kumi. Mutamulinda nani?» Nilitaka kujibu haraka, nikakosa. Nimemutafutia jibu na sina lote. Nimeongea na walimu wanne, na ninawaletea kile tulichokubaliana: wakati wa mgomo, sisi vijana tunaweza kukaa na watoto wa mtaa, ndani ya parcelle, chini ya muti, kusoma na kuhesabu, bila pesa, bila jina la shule, bila buletini, na walimu wenyewe wa mgomo wakituambia tufanye nini. Hatuingii ndani ya lango la shule. Direktere asipate kusema watoto wamesoma bila walimu, juu walimu njo watakuwa wametupa kaye zao. Haitatosha, mama. Mtoto wako atapoteza bado. Lakini hatakuwa ku makopo siku nzima.

Kitu kingine ni kazi ya karatasi, na sisi tunaijua kazi ya karatasi, tuliifanya juu ya bili za maji na umeme. Katika kila shule ya mtaa wetu, pamoja na walimu wakikubali, tuandike ku karatasi kubwa: walimu wangapi wako darasani, wangapi ni mekanize, wangapi ni NU, wangapi hawajawahi kupata franka moja, tangu mwaka gani. Bila majina, mtu asiumizwe. Hesabu tu. Tubandike pale komite ya wazazi inakutana, tupeleke kopi kwa provedi na kwa mubunge wa pale. Wazazi wengi wanaamini gratwite imelipa kila mtu. Hawajui kwamba mwalimu anayemufundisha mtoto wao anaishi kwa makala ya bibi yake. Wakijua, siku ya mgomo hawatawatukana walimu barabarani vile walifanya. Vile tulifanya.

Na la mwisho ni dogo, ninalipenda sana. Jumamosi asubuhi, wale wenye simu nzuri na kompyuta tukae na walimu wanaotaka. Hatuendi kuwafundisha ualimu, tafazali, kijana asikuje na powerpoint. Tunaenda kwa kile wataomba: kupiga picha ya zoezi, kuchapa mutihani, kupata kitabu ku intaneti na kukihifazi ili kisomeke bila mega, kujua kazi iliyoandikwa na mashine inafanana na nini. Na wao watatuonyesha vile mtu anasimama mbele ya watoto 91 bila fimbo na wanamusikia. Mimi sikujua. Siku ya pili sauti yangu ilikuwa imekwisha.

Mega za Jumamosi tutachanga. Niliuliza watu kumi hapa mbele ya kuanza, wanane wamekubali franka mia tano kila mmoja kwa wiki. Wale wawili waliokataa ninawajua, nitawapitia kesho.

Mwalimu wangu aliahidi kukuja leo. Asubuhi alinitumia ujumbe, alikuwa ku maandamano na kitenge, kisha bibi yake alipata muteja wa gunia tatu kule Kasapa na hawakuweza kumuacha muteja. Nilimuuliza kama ninaweza kusema habari hii yote mbele yenu, na ile ya lango pia. Alijibu niseme, lakini nisisahau kuwaambia kwamba sehemu zinaanza na mukate.

Karatasi iko juu ya meza, karibu na mama wa komite, biki imefungwa na kamba juu biki zetu zinatembeaka. Jina langu liko ku mustari wa kwanza. Walimu wenye kutaka Jumamosi waandike upande wa pili, na namba ya simu kama wanataka. Tunaanza Jumamosi ijayo, saa tatu ya asubuhi, hapa hapa chini ya muembe. Mwenye rallonge alete rallonge, na mwenye jirani aliye na kourant siku ile amuombe tangu leo.